Breki Iko Kushoto

Mama Pacha alifika mkutanoni kabla ya wenye mkutano. Alikaa kwenye benchi la nyuma, karibu na pipa la oili chafu, mkoba mapajani, akaiangalia karakana ambayo mume wake aliipenda kuliko sebule yake mwenyewe. Spana zilikuwa zimetundikwa ukutani kwa ukubwa, kuanzia baba mpaka kitinda mimba, na kila moja ilikuwa imezungushiwa mstari mwekundu unaofuata umbo lake, ili ikiondoka ionekane imeondoka. Mistari ile aliichora Brashi, mume wake, aliyekuwa mchora mabango. Sasa Brashi mwenyewe alikuwa ameondoka, na hakuna aliyemchorea mstari.

Chama cha Pikipiki za Zamani kilikuwa na wanaume wengi wenye vitambi na mfamasia mmoja mwanamke. Walinunua mabaki ya pikipiki yaliyooza kwenye mabanda ya kuku, wakayafufua, wakauza baadhi ili karakana ipate paa na taa. Aliyenunua kwao alikuwa mwanachama kuanzia siku hiyo. Akifa, kura yake ilikwenda kwa mrithi wake pamoja na pikipiki. Ndiyo maana Mama Pacha, fundi cherehani ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, alikuwa na haki ya kukaa pale na kunyoosha mkono.

Watu hawa walikuwa na neno moja walilolitamka kwa heshima, nalo ni asili. Tangi liwe la asili. Taa iwe ya asili. Nati ikipotea, watu wazima walitafuta nati ya umri uleule kwa miezi, nyumbani kwao bomba linavuja na mke anakinga ndoo. Na sheria yao ilikuwa fupi: pikipiki isiyo ya asili haina kura. Kila mwaka ulifanyika ukaguzi, na aliyekutwa amechomeka chuma cha kisasa alivuliwa uanachama mbele ya wenzake mpaka atakapokirudisha cha zamani.

Sheria hiyo ndiyo iliyomuua Brashi. Mama Pacha alijua hivyo, Grisi, fundi wa chama, alijua hivyo, na Mwenyekiti alijua hivyo. Wengine walikuwa wameamua kutojua.

Kwenye pikipiki za kila siku, mguu wa kulia unakanyaga breki na wa kushoto unabadilisha gia. Kwenye nyingi za zamani zilizopita mikononi mwa chama hiki, mambo ni kinyume. Brashi alikuwa ameendesha ya kawaida tangu ujana, ngazi begani na makopo ya rangi nyuma, kwa hiyo aliponunua ile ya zamani aliweka sharti moja tu: pedeli zigeuzwe. "Kichwa changu kitaelewa," alisema, "ila mguu wangu haukwenda shule." Grisi akamtengenezea vyuma vya kuvusha, breki ikahamia kulia na gia kushoto. Mama Pacha alikaa nyuma ya mume wake Jumapili nyingi, mkono kiunoni, akauona ule mguu wa kulia ukishuka kwa upole kila walipokaribia kona. Hakuwahi kuogopa.

Kisha ukaja ukaguzi. Mwenyekiti wa chama alikuwa kaka mkubwa wa Brashi, tumbo moja, na aliona haya kuwa na mdogo wake mwenyewe katika orodha ya waharibifu. Asubuhi ile akamwamuru Grisi arudishe pedeli zilivyokuwa kiwandani. Brashi alilalamika kidogo, kisha akacheka, maana kumbishia kaka yake hakuwahi kuweza tangu utotoni. "Leo tu," Mwenyekiti alimwambia. "Utazoea." Brashi akapita ukaguzi, akapigiwa makofi, akapiga picha. Wakati wa kurudi nyumbani lori lilitoka kinyumenyume kwenye geti la ghala la saruji. Mguu wa kulia ukashuka pale ulipozoea kuikuta breki, ukaikuta gia.

Msibani walisema breki zilikataa. Walisema kazi ya Mungu. Mwenyekiti alilia mpaka akashikiliwa, na kilio chake hakikuwa cha kuigiza, Mama Pacha aliona. Baadaye alisimamia mazishi yote, akawashika mapacha wa Brashi mkono akawaambia shule yao ni juu yake mpaka wamalize. Na kweli alilipa. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ingekuwa rahisi kama shemeji yake angekuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa mtu mwema aliyeua ndugu yake kwa ajili ya pedeli, akamzika vizuri, akanyamaza.

Grisi ndiye aliyekuja kusema. Alimkuta Mama Pacha akishona sare za shule, akasimama mlangoni na mikono yake isiyotakata hata kwa sabuni ya unga, akaeleza yote bila kuketi. Mama Pacha hakusimamisha cherehani. Alishona mshono mmoja mrefu usio na maana kwenye kitambaa cha mteja, kwa sababu kama angeinua mikono ingeshika mkasi.

"Na kwa nini unaniambia mimi?" aliuliza mwishowe. "Kawaambie wao."

"Nitasema, Mama Pacha. Kwenye mkutano nitasema, kwa mdomo huu huu."

"Tutaona huo mdomo."

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika. Wanachama waliingia wakipeana mikono na kugonga matangi ya pikipiki kana kwamba wanasalimia watoto wa jirani. Mwenyekiti alimwona shemeji yake pale nyuma, akamfuata, akainama.

"Shemeji, mbona nyuma? Njoo mbele ukae na watu."

"Hapa panatosha, shemeji. Nasikia vizuri."

"Wale wanangu hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakusalimia."

Akampigapiga begani akaenda kufungua mkutano.

Hoja ilikuwa ya mfamasia. Alisimama na miwani yake puani akasema chama kiache kuuza pikipiki, basi. Walianza kama wapenzi wa pikipiki, wamekuwa wachuuzi. Vyuma walivyovihangaikia vinaishia kwenye sebule za matajiri, vinawekewa maua juu ya kiti. Kuna moja aliikuta hotelini imegeuzwa meza ya vitabu. Hapo watu waliguna kwa uchungu, na mzee mmoja, mkaguzi wa mizani mstaafu, akatikisa kichwa kama aliyetangaziwa msiba.

Upande wa pili ulijibu kwamba bila kuuza hakuna paa, na bila paa hata hizo wanazozipenda zitaota kutu. Mwenyekiti alisema hivyo kwa ufasaha wake wa siku zote. Alikuwa na ulimi, yule bwana. Alisema kila pikipiki inayotoka pale ni balozi. Alisema mnunuzi hanunui chuma, ananunua ndugu.

Mama Pacha alisubiri. Walizungumza juu ya kutu, juu ya matajiri, juu ya paa, juu ya heshima ya meza ya vitabu. Mtu mmoja aliyekufa juu ya bidhaa yao hakutajwa. Akajikaza kisabuni. Alimtafuta Grisi kwa macho. Grisi alikuwa amesimama kando ya kitu kilichofunikwa turubai, akifuta spana iliyokuwa safi tayari.

Akainuka mwenyewe.

"Naomba kusema."

Wanaume kadhaa waliinamisha vichwa kabla hata hajaanza, ile adabu wanayopewa wajane ili wamalize upesi.

"Mimi sijui habari za paa," alisema. "Na sina shida na kuuza. Uzeni. Lakini kabla hamjauza nyingine, semeni hapa, mbele ya watu, mume wangu alikufa kwa nini. Halafu mpeni kila mnunuzi uhuru wa kugeuza pedeli akitaka, wala asivuliwe kitu. Mkikubali hayo mawili, mkono wangu uko na Mwenyekiti. Mkikataa, mkono wangu uko na mfamasia."

"Shemeji," Mwenyekiti alisema taratibu, "ilikuwa ajali. Wote tuliumia."

"Sikuuliza nani aliumia. Fundi! Ulisema una neno."

Grisi aliinua uso. Alimwangalia Mwenyekiti, aliyekuwa amemwajiri na kumpa chumba nyuma ya karakana. Alimwangalia Mama Pacha. Midomo ilifunguka, na kilichotoka kilikuwa pumzi.

"Breki zilikuwa nzima," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo zaidi, "Mengine... mkiona pikipiki mtaelewa."

"Haya," Mwenyekiti akadakia, akafurahi kupata njia ya kutokea. "Hilo nalo nilitaka lifike. Shemeji, tulikuwa na jambo la kukufuta machozi."

Akavuta turubai. Pikipiki ya Brashi ilisimama pale juu ya stendi yake, gurudumu la nyuma likiwa hewani, imenyooshwa, imepakwa rangi, haina mkwaruzo. Hata majina ya mapacha, ambayo Brashi aliyaandika kwenye tangi kwa mkono wake, yalikuwa yamefutwa ili tangi lirudi kwenye asili. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti akaeleza kwamba chama kimeifufua bure, kwamba kuna mnunuzi tayari, na kwamba kila kitakachopatikana ni cha mjane na watoto. Akaashiria mlangoni. Alikuwa amesimama mwoka mikate mmoja mwenye uso wa kuchangamka, helmeti mpya kwapani, unga bado kwenye nywele za mikono.

Mama Pacha hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia chini, kwenye miguu ya ile pikipiki, kwa sababu ndiko alikozoea kuangalia Jumapili zote zile. Pedeli ya breki ilikuwa kulia. Akamtupia Grisi jicho. Grisi alimtazama mara moja, akaangalia sakafu. Mdomo ulimshinda, akasema kwa spana. Wengine wote macho yalikuwa kwenye rangi.

"Grisi, iwashe, itie gia, mgeni asikie," Mwenyekiti aliagiza.

Grisi akapanda, akaipiga kiki, injini ikaitika. Akatia gia, gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka hewani, akashuka upesi kama mtu anayekimbia deni. Mwenyekiti akakwea mahali pake ili akoleze moto kidogo, miguu miwili juu ya vikanyagio, kidevu juu. Alizungusha mkono, mlio ukajaa karakana nzima, mwoka mikate akacheka kwa raha. Mama Pacha alisogea mpaka akasimama mbele ya taa. Akavuta pumzi.

"Breki, shemeji! Breki! Lori!"

Alipiga ukelele ule kwa nguvu zote alizokuwa ameziweka tangu msiba. Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote ameendesha za zamani, alifanya kile ambacho mwili wake unajua. Mguu wa kushoto ukashuka kwa kishindo. Gia ikalia. Gurudumu la nyuma halikusimama. Lilizidi kuzunguka mbele ya macho ya watu wote, na Mwenyekiti alikanyaga tena, na tena, mguu uleule, upande uleule, jasho limemtoka, mpaka Grisi akanyoosha mkono akaizima.

"Umekufa, shemeji," Mama Pacha alisema. Sauti yake sasa ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayempimia mteja suti. "Na wewe si mjinga, na breki ni nzima. Unaona sasa? Hata yeye hakuwa mjinga."

Mwenyekiti alikaa juu ya pikipiki ya mdogo wake. Uso wake ulibadilika, na kwa muda mfupi Mama Pacha aliamini kwamba neno linakuja. Kama angelisema, angemsamehe palepale, mbele ya watu, na wangelia wote wawili. Yule bwana akaangalia chini, kushoto, kulia.

"Nani ameiharibu pikipiki hii?" alisema.

Grisi hakujificha. "Nimeirudisha alivyoipenda mwenyewe."

"Tumehangaika miezi yote hiyo iwe ya asili, wewe unaiharibu kwa siku moja?"

Ikazuka zogo. Ajabu ya watu hawa ni kwamba waliona, kila mmoja aliona kwa macho yake gurudumu likizunguka, lakini ugomvi uliofuata ulikuwa juu ya vyuma vya kuvusha. Mkaguzi wa mizani alitaka kujua kama Grisi ametoboa fremu. Mwingine alisema si haki kumvizia mwenyekiti, mtu wa umri wake, angepasuka moyo. Mfamasia peke yake aliketi amefunika mdomo kwa kiganja.

Basi wakapiga kura, kwa sababu watu wakiwa na aibu hupenda kufuata utaratibu. Wanaotaka kuacha kuuza wakanyoosha mikono, pamoja na Mama Pacha na wengine ambao mwanzo hawakuwa upande huo. Wanaotaka kuendelea wakanyoosha yao. Katibu alihesabu, akahesabu tena, akajikuna shingo.

"Wanaoacha wamezidi. Kwa mmoja."

Mama Pacha alishika ukingo wa benchi. Hakuwa amefikiria kushinda. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho.

Mwenyekiti alikuwa amesharudi mezani pake. Hakumwangalia. Alizungumza na meza.

"Kuna jambo la utaratibu. Pikipiki isiyo ya asili haina kura. Ile pale, kama ilivyo sasa hivi, si ya asili. Kwa hiyo kura yake haihesabiki. Sikuitunga leo sheria hii. Wote mnaijua."

Wote waliijua. Bila mkono wa Mama Pacha kura zililingana, na zikilingana mwenyekiti ndiye anayekata. Akakata. Chama kitaendelea kuuza.

"Shemeji," Mama Pacha alisema, "nitazame."

Hakumtazama.

"Uliniambia mimi ni mwanachama kwa kuwa mume wangu alifia kwenye pikipiki yenu. Sasa unaniambia mimi si mwanachama kwa kuwa pikipiki iko vile ambavyo asingekufa."

"Usiyachukulie hivyo. Grisi ataitengeneza, tutaiuza, watoto..."

"Hii haiuzwi. Na watoto wana mama."

Alisema hivyo akijua anachokisema. Kurudi nyuma baada ya maneno hayo isingewezekana, na kiburi cha shemeji yake kilikuwa sawasawa na cha marehemu, kingelipiza bila kelele, kwa kukata ada ya watoto. Sare za shule alizozishona kwa ajili ya watoto wa wenzake zilimpita kichwani, rundo zima. Alifunga mkoba wake. Akaishusha pikipiki kutoka kwenye stendi, ikamwelemea, na Grisi akaja akashika upande wa pili. Hakumshukuru. Mtu aliyeshindwa kufungua mdomo siku ya kufungua mdomo asitegemee shukrani kwa kusukuma. Lakini hakumfukuza pia, maana mzigo ulikuwa mzito.

Walisukuma barabarani, kando ya ukuta mrefu wa maghala. Grisi alianza kusema kwamba yeye naye hana kazi tena sasa. Mama Pacha alimwambia asukume.

Hawakuwa wamefika mbali waliposikia mlio nyuma yao. Alikuwa yule mwoka mikate. Alipokosa ya Brashi hawakumwacha aende mikono mitupu. Karakana ilikuwa na nyingine, ya asili kabisa, na huenda walimpa upesi ili siku ipate mwisho mzuri. Alikuwa amekaa juu yake wima, helmeti inang'aa, anaenda taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa ameona kila kitu mle ndani, yule bwana. Aliona na akanunua.

Mama Pacha hakumtazama usoni, alitazama miguu. Mguu wa kulia ulikuwa umeelekea chini kidogo, tayari, unasubiri. Mbele, kwenye geti la ghala la saruji, lori lilikuwa linawasha injini.

Aliiachia pikipiki yote kwa Grisi akaingia barabarani, mkono juu.

"Breki iko kushoto!" alipiga kelele. "We baba! Kushoto!"

Injini ilikuwa na sauti nzuri, ile ya asili, ilimeza kila kitu. Mwoka mikate alimtambua mama wa kwenye mkutano. Akatabasamu, akampungia mkono, akaongeza mwendo.